Nishani Iliyokawia: Habari za Askari Henry Johnson

Neno nishani maana yake ya asili ni alama, yaani dalili ionekanayo ya jambo lililotendeka. Lakini pengine jambo hutendeka, na alama yake isionekane kwa miaka mingi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Henry Johnson, askari mweusi wa Marekani.

Mtu huyu alikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya gari la moshi mjini Albany. Mwaka 1917 alijiandikisha katika kikosi kilichokuja kuitwa cha 369. Siku zile jeshi la Marekani liliwatenga askari weusi, na kikosi hicho kikawekwa chini ya amri ya Wafaransa. Usiku wa kuamkia 15 Mei, 1918, katika nchi ya Argonne, Johnson na mwenzake Needham Roberts walikuwa zamu, wakashambuliwa na Wajeremani wapatao 12 au zaidi. Roberts akajeruhiwa vibaya. Johnson akatupa mabomu ya mkono, akapiga bunduki hata ikakwama, akaigeuza kuwa rungu. Tena alipoona adui wanamchukua mwenzake mateka, akawarukia kwa jisu, akamwokoa. Mwenyewe alipata majeraha 21.

Wafaransa hawakukawia, waliwapa wote wawili nishani yao ya vita, Croix de Guerre. Serikali yake mwenyewe haikumpa nishani yo yote maisha yake yote. Alikufa Julai 1929. Kwa miaka mingi watu walidhani amezikwa katika kaburi la maskini mjini Albany. Kumbe amelala Arlington, katika makaburi ya heshima ya askari.

Hata tarehe 2 Juni, 2015, ndipo Rais Barack Obama alipomtunukia Medal of Honor, nishani iliyo kuu kupita zote za nchi ile. Miaka 97 ilikuwa imepita. Hakupatikana ndugu wa damu wa kuipokea. Ikapokewa na askari wa jeshi la jimbo la New York.

Wahenga walinena, Kawia ufike. Lakini hapa aliyekawia si msafiri, ni mwenyeji: mgeni alisimama mlangoni hata akafa, ndipo mlango ukafunguliwa. Je, heshima hiyo ni bure? La. Haikumfaa marehemu, lakini imesahihisha kitabu cha taifa. Nayo ilipatikana kwa maandishi. Muda uliowekwa na sheria ulikuwa umekwisha, ikabidi Bunge litoe ruhusa. Na miongoni mwa ushahidi ilikuwamo taarifa ya Jemadari Pershing ya mwaka 1918, iliyowasifu askari wale wawili.

Vita ile ile ilichukua wapagazi wengi wa nchi zetu. Jina la Kariakoo, lililotoka katika Carrier Corps, latunza kumbukumbu ya kundi lao, wala si ya mtu mmoja mmoja. Basi, waalimu wenzangu, aliyesikia habari za babu yake na aziandike: jina, mahali, na mwaka. Maana tendo lisiloandikwa, walioliona wakiisha kufa, halina tena wa kulishuhudia.