Kutangaza na Kufikisha

Mwaka 1973 shirika la utafiti wa ulinzi la Marekani, DARPA, lilianza kujenga mtandao wa redio usiotegemea waya: redio, hata iliyomo garini, iliweza kupokea ujumbe na kuupeleka mbele. Njia nyepesi ya kueneza tangazo katika mtandao wa namna hiyo ni kila redio kulirudia. Lakini mwaka 1999 Ni na wenzake, watafiti wa Taiwan, walionyesha kwamba marudio hayo hugongana hewani, na ujumbe huweza kupotea. Hali hiyo waliiita tufani ya matangazo.

Hivyo istilahi zetu hazina budi kutenganisha mambo mawili. Kutangaza ni tendo la mpelekaji; kufikisha huthibitishwa na mpokeaji. Tukiyaita yote “utangazaji”, mwanafunzi atadhani kila kilichotamkwa kimesikika. Twapendekeza “ufikishaji wa hakika”.