Kina Sykes: Mwasisi Mmoja au Bahati ya Kizazi?

Sykes ni jina la ukoo la kaskazini mwa Uingereza, na kitovu chake ni magharibi mwa Yorkshire, kwenye mabonde ya Huddersfield. Lilitokana na vijito vyembamba ambavyo aghalabu vilikuwa mpaka wa shamba na shamba. Aliyekaa kando ya kijito alitambulishwa nacho. Yorkshire ina vijito tele. Ndiyo maana wataalamu wa majina waliamini kwamba jina hili lilizuka mara nyingi, kwa watu wasio ndugu.

Mwaka 2000 Bryan Sykes, mwanajenetiki wa Oxford, na mwenzake Catherine Irven waliipinga imani hiyo. Walichunguza wanaume 48 wa jina hilo kwa kromosomu ya Y, ambayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana sawa na jina lenyewe. Karibu nusu walikuwa na muundo mmoja, ambao haukuonekana katika sampuli za watu wengine wa eneo lilelile. Wakahitimisha kwamba kina Sykes walio hai wana mwasisi mmoja. Tofauti za waliobaki, walisema, zaweza kuelezwa na baba wa jina kutokuwa baba wa damu, kwa wastani wa asilimia 1.3 kila kizazi.

Matokeo siyapingi, hitimisho ndilo lenye kasoro. Alama za kromosomu zilizopimwa zilikuwa nne tu. Tena, mwanamume aliyezaa mabinti watupu damu yake iliendelea lakini jina lake lilikatika, na tauni ya 1348 hadi 1349 ilifuta koo nzima nzima. Hata kama waasisi walikuwa kumi, baada ya miaka 700 mmoja angeweza kuonekana kana kwamba alikuwa peke yake. Wanajenetiki Turi King na Mark Jobling walilikabili suala hili mwaka 2009 kwa majina 40 na wanaume 1,678. Kwa majina adimu kama Attenborough, wengi walikuwa wa nasaba moja. Kwa Smith, jina la wahunzi waliokuwa kila kijiji, hapakuwa na tofauti na umma kwa jumla. Basi uchache wa wenye jina unabashiri udugu vizuri zaidi kuliko maana ya jina.

Hata hivyo, jina huweza kusafiri bila kromosomu yoyote. Kina Sykes wa Dar es Salaam wametokana na Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka Msumbiji akiwa askari wa Wajerumani. Mwanawe Kleist alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Abdulwahid, mwana wa Kleist, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Mtafiti atakayehesabu kuenea kwa Sykes kwa kusoma orodha za majina peke yake atawaweka hawa na wale wa Huddersfield katika safu moja.