Mbung'o na Bega la Mpagazi

Mbung'o, ambaye katika sehemu nyingi za Tanzania Bara huitwa pia ndorobo, ni nzi mkubwa anayepatikana barani Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, na katika historia ya uchukuzi wa Afrika ya Mashariki ana nafasi kubwa kuliko ile anayopewa kwa kawaida. Kumtambua si kazi: akitua huyalaza mabawa yake moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa, na mrija wake wa kunyonyea hutokeza mbele ya kichwa. Dume na jike wote wawili huishi kwa damu peke yake, tofauti na mbu, ambao jike tu ndiye huuma. Jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja tumboni na kumzaa akiwa amekomaa, kila baada ya siku tisa au kumi hivi, kisha buu huyo hujifukia ardhini mpaka atoke akiwa nzi kamili. Kwa kuwa huzaa polepole kiasi hicho, mbung'o hupungua upesi pale anapokosa kivuli cha vichaka na wanyama wa kuwanyonya. Lakini palipo na vyote viwili, mchana wa jua kali huandama kila kitu kikubwa kinachotembea, na mdomo wake hupenya nguo nzito na hata ngozi ya nyati.

Maumivu ya kuumwa hupita. Kinachodumu ni vimelea anavyobeba, viitwavyo tripanosoma, ambavyo huogelea katika damu na kumdhoofisha mnyama kidogo kidogo mpaka afe. Nyati, swala na ngiri huishi navyo bila kuugua sana, lakini ng'ombe na farasi hupatwa na nagana, ambao ndio ugonjwa wa mbung'o kwa mifugo, na kwa binadamu baadhi ya vimelea hivyo huleta malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ndiye aliyeonyesha kwa hadubini uhusiano wa mbung'o, vimelea na nagana huko Zululand katika miaka ya 1894 na 1895. Hata hivyo, wafugaji walikwishajua kwa uzoefu kuwa nzi huyo huua ng'ombe, ndiyo maana walikwepa mapori yake, walichoma nyasi kwa majira maalumu, na walipolazimika kuyavuka walipitisha makundi yao usiku, wakati mbung'o wengi wa mbugani wametulia. Maarifa hayo yanastahili kuhesabiwa kuwa sayansi, ingawa hayakuandikwa.

Athari ya mbung'o katika biashara ilionekana wazi zaidi katika karne ya 19, pembe za ndovu zilipohitajika kwa wingi ng'ambo na misafara ikawa inapita kila mwaka kati ya Bagamoyo au Saadani na Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Katika nchi nyingine mzigo wa namna hiyo ungebebwa na ngamia au kukokotwa na maksai, lakini njia ya kuelekea Unyamwezi, nchi iliyozunguka Tabora, ilipita katika misitu ya miombo, ambayo ni makao ya mbung'o. Punda walitumika kwa kiasi, na Wanyamwezi walikuwa nao, ila hawakutosha wala hawakutegemewa safari nzima. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857, wengi wa punda wao walikufa njiani mmoja baada ya mwingine. Mzigo ukabaki mabegani mwa watu, kila mmoja akichukua takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu na chakula.

Wageni hawakuikubali hali hiyo kwa urahisi. Mmisionari na mpelelezi Livingstone, ambaye kitabu chake cha mwaka 1857 kilichapishwa na picha ya mbung'o kwenye ukurasa wa jina, alirudi mwaka 1866 na kuingia bara kwa kufuata mto Ruvuma akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wa kubebea mizigo na punda, akikusudia kupima kama wangestahimili nzi huyo. Karibu wote walikufa, ingawa mateso waliyopata mikononi mwa walinzi wao yaliifanya sababu halisi ya vifo vyao isijulikane. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alikagua njia ya Saadani hadi Mpwapwa na kuridhika kwamba magari ya maksai yangeweza kupita, lakini mwaka uliofuata, magari yalipoletwa, maksai walikufa na mpango ukavunjika. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka India, walioshushwa Msasani na kupelekwa bara kwa matumaini kuwa wao wangekuwa wachukuzi wapya. Nao pia walikufa, na jaribio hilo halikurudiwa.

Si sahihi, hata hivyo, kumchukulia mpagazi wa karne hiyo kuwa mtu aliyeziba pengo la mnyama. Upagazi ulikuwa kazi ya ujira yenye ustadi na heshima yake, hasa kwa Wanyamwezi. Ulikuwa na kirangozi wa kuongoza njia, mapatano ya malipo na posho, na desturi ya kugoma pale masharti yalipovunjwa. Vijana wengi waliihesabu safari ya pwani kuwa sehemu ya kufikia utu uzima.

Mambo yalibadilika baada ya ugonjwa wa sotoka kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua, kwa makadirio ya wengi, karibu ng'ombe tisa katika kila kumi. Malisho yaliyokosa ng'ombe na mashamba yaliyokosa watu yaligeuka vichaka, wanyamapori wakaongezeka tena, na mbung'o akasogea mahali ambapo zamani palikuwa na vijiji. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua watu wapatao robo milioni katika Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Viktoria, mpaka serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa mwambao kwa amri.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, farasi wa majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini walikufa kwa maelfu katika mapori ya Tanganyika kwa nagana na maradhi mengine, na pande zote mbili zikawageukia watu. Safari hii hapakuwa na mapatano: wanaume walikamatwa vijijini, na kwa upande wa Uingereza peke yake wapagazi wanaokadiriwa kufikia karibu laki moja walikufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa ya mapafu. Mbung'o aliua farasi, lakini uamuzi wa kuwabebesha watu mizigo bila chakula cha kutosha ulikuwa wa makamanda, na lawama haiwezi kuhamishiwa kwa nzi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, na kila anayefundisha historia ya mtaa huo anapaswa kuwataja wapagazi hao.

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, pamoja na malori yaliyoenea baada ya vita, ndivyo vilivyomaliza upagazi wa masafa marefu. Mbung'o mwenyewe naye alipigwa vita. Huko Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, maelfu ya wanakijiji walikata vichaka kumfukuza mbung'o, na wengine wengi katika mikoa ya magharibi walihamishiwa katika vijiji vikubwa kwa sababu ya malale. Miongo kadhaa baadaye, kisiwani Unguja, madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege kwa mamilioni, ili majike wapandane nao bila kuzaa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Bara bado yupo, na wafugaji wanaopakana na mapori yake hadi leo huogesha ng'ombe wao kwa dawa na kutundika mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi.