Chuo, Skuli na Kambi: Elimu na Ukatili wa Kijinsia katika Upwa wa Wabajuni

Upwa unaoanzia Kismayu, kusini mwa Somalia, na kushuka kusini hadi Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Kenya, pamoja na visiwa vyake vya Koyama, Chovai na Chula, ni makazi ya kale ya Wabajuni, watu wa bahari wasemao Kibajuni, lahaja ya kaskazini ya Kiswahili. Historia ya malezi na masomo ya upwa huu, ikisomwa pamoja na historia ya ukatili wa kijinsia, yaani madhara anayotendewa mtu kwa sababu ya jinsia yake, kama vile kubakwa, kupigwa au kuozwa kwa nguvu, yaonyesha kwamba elimu ilimkinga mwanamke pale tu ilipokuwapo mamlaka ya kuyapokea malalamiko yake na kuyatolea haki.

Shule ya kwanza ya upwa wa Waswahili ilikuwa chuo, mahali ambapo mwalimu aliwasomesha watoto Kurani na herufi za Kiarabu. Kando ya chuo palikuwa na mafunzo ya wari, wasichana waliovunja ungo, waliokabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyewafunza usafi, heshima na mambo ya ndoa. Mafunzo hayo yalisisitiza stara na uvumilivu, lakini yalimpatia mwari jambo moja la thamani kubwa, nalo ni mtu mzima, asiye mama yake mzazi, ambaye angeweza kumweleza yaliyomsibu.

Skuli ya serikali ilikuja kwa njia ya dola zilizopokezana nchi. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland, eneo lenye upwa huu, kwa Italia, na mwaka 1960 eneo hilo likawa sehemu ya Somalia huru. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1962, katika kifungu cha 398, iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa mbakaji. Mwaka 1972 Kisomali kilipata maandishi rasmi kwa herufi za Kilatini. Na katika miaka ya 1974 na 1975 wanafunzi walipelekwa mashambani kufundisha kusoma na kuandika. Sheria ya Familia ya mwaka 1975 nayo ilimpa mwanamke fungu la urithi sawa na la mwanamume. Hatua hizo zilikuwa kubwa, ingawa Kibajuni hakikupewa nafasi darasani, hivyo mtoto wa kisiwani alifundishwa haki zake kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwao.

Serikali ya Rais Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, mahakama na skuli zilianguka pamoja. Kilichobaki ni xeer, yaani sheria ya mila ya Kisomali, ambayo huliona kosa la kubaka kuwa deni baina ya koo, likalipwa kwa mag, fidia inayotolewa na ukoo wa mkosaji kwa ukoo wa aliyekosewa, au likamalizwa kwa kumwoza mwanamke kwa mtu yuleyule aliyemdhulumu. Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kudai chochote. Wanamgambo waliwapora vyombo vyao vya bahari, wakawabaka wanawake wao, na wengi wakakimbia kwa mashua hadi Lamu na Mombasa, ambako baadhi yao walihifadhiwa katika kambi ya Jomvu.

Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, nchini Kenya, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992, mamia ya wakimbizi wa kike kutoka Somalia walibakwa, wengi wao walipokwenda vichakani kuokota kuni. Mwaka 1993 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha mpango wa kuwasaidia walioathirika, na baadaye likagawa kuni kambini. Ugawaji huo ulipunguza ubakaji wa vichakani, lakini matukio ya mahali pengine yaliongezeka, jambo linalothibitisha kwamba kumwondolea mwanamke njia ya hatari hakutoshi ikiwa mtenda uovu hafundishwi wala haadhibiwi.

Ushahidi mchungu zaidi ulitolewa Kismayu penyewe. Oktoba 2008, mji ukiwa mikononi mwa kundi la wapiganaji la Al-Shabaab, msichana wa miaka 13 aliyekwenda kushtaki kwamba amebakwa alihukumiwa kwa uzinzi na kupigwa mawe hadi kufa. Mtoto huyo alijua kwamba ametendewa dhuluma, na alijua kwamba dhuluma hupelekwa kwa wenye mamlaka. Waliomuua ni wale waliokipokea kilio chake.

Al-Shabaab waliondolewa Kismayu mwaka 2012, na mwaka 2015 Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto na kuunga mkono Azimio la Skuli Salama, linalozitaka serikali zizilinde skuli wakati wa vita. Ahadi hizo zitakuwa na maana kwa Wabajuni iwapo mvulana atafundishwa, sawasawa na dada yake, kwamba mwili wa mwenziwe si ngawira. Iwapo mwalimu wa kike atapewa upya dhamana aliyokuwa nayo somo. Na iwapo hakimu atamsikiliza binti wa Chula bila kuuliza ukoo wake. Skuli inayomfundisha msichana kusema ina wajibu wa kuhakikisha kwamba akisema hatadhurika.