Ndoto ya Neli Kubwa

Kila chombo kina umri wake, na hakuna refu lisilo na ncha. Hata hivyo, mapenzi ya mtu kwa chombo hayafi siku moja na chombo chenyewe. Wako watu, hasa katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambao wamezihifadhi majumbani mwao projekta za video za zamani, zile zenye neli tatu za kioo, na huzitunza kama mtu atunzavyo saa ya babu yake. Wala hawaridhiki na kutunza tu. Huulizana: lau viwanda visingaliiacha kazi ile, neli ingalikua hadi wapi? Neli yenye kipenyo cha inchi 12 ingalitoa picha ya namna gani? Wenye haraka hulicheka swali hili, kwa kuwa linahusu kitu ambacho hakikuzaliwa. Mimi naona linastahili kupimwa, maana ndani yake imo historia nzima ya namna binadamu alivyojaribu kuandika kwa mwanga.

Neli inayosemwa hapa ni ndugu wa ile ambayo mafundi wetu wa televisheni huiita tyubu. Asili yake ni kazi ya Karl Ferdinand Braun, aliyeidhihirisha katika mji wa Strasbourg mwaka 1897. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Upande mmoja hutoka elektroni. Sumaku huzikusanya na kuziongoza. Upande wa pili hugonga unga uliopakwa ndani ya kioo, na unga huo hung'aa. Mwali wa elektroni ni kalamu, na unga ni karatasi. Lakini karatasi hii haisomwi kwa taa ya nje, bali yenyewe ndiyo taa. Msomaji na alishike neno hili, kwa sababu fahari yote ya neli, na msiba wake wote, vimetokana nalo.

Tamaa ya kuikuza picha ilianza mapema. Mnamo Februari 1939, watu wa London waliketi katika nyumba za senema wakatazama pigano la ngumi la Boon na Danahar, lililokuwa likipiganwa saa ile ile mahali pengine mjini. Mwaka 1941 kampuni ya RCA ilionyesha ngumi vivyo hivyo mjini New York, juu ya pazia la futi 15 kwa 20. Neli iliyotakiwa kulijaza pazia kubwa kiasi hicho ilibidi iteswe: projekta za senema ambazo RCA ilizitengeneza baada ya vita zilitumia volti 80,000, na mwanga wake ulikusanywa kwa kioo kikubwa cha kuakisi, kama kile cha darubini za wanajimu.

Wakati huo huo, Fritz Fischer, profesa wa Zürich, aliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Kuanzia mwaka 1939 alibuni mtambo ulioitwa Eidophor. Humo mwali wa elektroni haukuambiwa utoe mwanga. Uliandika tu, kwa kutia mikunjo midogo juu ya utando wa mafuta, na taa kali iliyosimama kando ndiyo iliyoipeleka picha ukutani. Kwa maneno mengine, Fischer aliitenga kalamu na taa. Yeye alifariki mwaka 1947, lakini mtambo wake uliishi, hata ukatumiwa Houston katika chumba cha kuongozea safari za kwenda mwezini. Ulikuwa mkubwa, ghali na wenye kudai uangalizi wa daima. Kwa hiyo haukuingia katika nyumba za watu.

Nyumbani iliingia neli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Henry Kloss aliuza projekta yenye neli tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikitupa picha yake juu ya pazia moja. Baadaye wakaja Barco wa Ubelgiji, Electrohome wa Kanada, Sony wa Japani na wengineo. Neli zikakua kutoka inchi 7 hadi 8, kisha 9, na hapo ndipo ukuaji uliposimama. Projekta ya inchi 9 kama G90 ya Sony ilizidi kilo 100, na fundi aliweza kumaliza siku nzima akizilinganisha picha tatu hata ziwe moja.

Basi tuipime ndoto. Hesabu yake ya kwanza ni sahihi. Neli ya inchi 12, ikilinganishwa na ya inchi 9, ina eneo la sehemu 16 kwa 9. Mwali ule ule, ukitawanywa juu ya eneo pana zaidi, hauuunguzi unga upesi, wala kioo hakipati joto kali. Tena, nukta isiyobadilika ukubwa huwa ndogo ikilinganishwa na picha iliyo pana, hivyo maandishi yake huwa safi zaidi. Haja hii si ya kubuni. Unga wa buluu huchoka kabla ya mwenziwe: ukiuzidishia mwali, hauongezi mwanga kwa kadiri ile ile. Ndiyo sababu mafundi huitia picha ya buluu ukungu kidogo kwa makusudi, ili nukta ipanuke na unga upate nafuu. Ubora unauzwa ili mwanga ununuliwe.

Lakini hesabu ya pili ni chungu. Lenzi lazima ikue pamoja na neli, na uzito wake huongezeka kwa urefu, upana na kina: penye kilo 27, sasa zitatakiwa 64, na hizo ni mara tatu kwa kuwa neli ni tatu. Hewa ya nje, inayousonga uso wa neli ya inchi 9 kwa uzito wa kilo 420 hivi, ingeusonga ule wa inchi 12 kwa kilo 750. Basi kioo lazima kinenepe. Ukipandisha volti ili upate mwanga zaidi, unazidisha mionzi ya eksirei, na kioo kitadai risasi zaidi. Ukizidisha elektroni, zenyewe husukumana njiani, na ncha ya kalamu hunenepa. Kila mlango mmoja unaofunguliwa huufunga mwingine.

Hapa ndipo historia inapotoa hukumu. Neli haikushindwa kwa udogo. Ilishindwa kwa sababu ilitwikwa kazi mbili, ya kalamu na ya taa, na kila ilipotakiwa kuwa taa bora ilikuwa kalamu mbaya. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni kipande chenye vioo vidogo mno vinavyoinama ili kuurudisha au kuukataa mwanga wa taa ya kando. Wazo la Fischer likarudi bila mafuta, na baada ya mwanzo wa karne hii projekta za neli ziliachwa na viwanda kimoja baada ya kingine.

Je, waotao ndoto hawana haki? Wanayo, nayo ni kubwa. Palipo na taa iwakayo daima, giza la picha ni mwanga uliozuiwa, na kizuizi huvuja. Katika neli, mahali pasipoandikwa hapana mwanga wa kuzuia. Usiku wa neli ni usiku. Wale waliotenga kalamu na taa walipata mwanga mwingi, wakalipa kwa giza. Na anayekumbuka deni hilo ni yule tu aliyeitunza projekta ya zamani.

Kuna na hasara nyingine. Warsha ya mwisho ya Marekani iliyozifanya upya neli za televisheni, huko Des Moines, ilifungwa mwaka 2010. Ya mwisho ya Ulaya, iliyokuwa Ufaransa, mwaka 2013. Leo neli ya inchi 12 yaweza kuchorwa na mwanafunzi yeyote hodari, lakini mikono iliyojua kuutuliza unga juu ya kioo, kuisimika bunduki ya elektroni na kuivuta hewa pasipo kukipasua kioo, imekuwa adimu mno. Mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa ya viwanda ni mali ya namna hiyo, na sehemu yake kubwa haikupata kuandikwa, kwa kuwa wenye nayo hawakudhani kwamba siku moja ingeulizwa.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa historia wasiidharau ndoto ya neli kubwa. Haitazaliwa; hesabu ya pili imekwisha kusema. Lakini mwenye kuuliza kwa nini haikuzaliwa analazimika kujua unga, kioo, lenzi na mwali, kila kimoja na mpaka wake. Vitabu vingi hutuambia kipi kilishinda. Ni vichache vinavyotuonyesha kilichoshindwa kilifika wapi, na kilikuwa na wema gani kilipoachwa.