Waliofukuzwa na Kondoo

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunalijua neno mlowezi kwa maana moja: mtu aliyekuja na karatasi mkononi akatwaa ardhi yenye wenyewe. Ni mara chache tunajiuliza alitoka wapi, na huko alikotoka alitendewa nini. Habari za wakulima wa Kildonan, kaskazini mwa Uskoti, zinatulazimisha kujiuliza.

Kildonan ni bonde la mto Helmsdale, katika wilaya ya Sutherland. Watu wake walisema Kigaeli, wakilima shayiri na viazi na kufuga ng'ombe. Kisheria walikuwa wapangaji wa ukoo wa Sutherland, ila mioyoni mwao ardhi ilikuwa ya mababu waliozikwa humo. Mwanzoni mwa karne ya 19 wenye mashamba waliona kwamba kondoo wa Cheviot wanaingiza fedha nyingi kuliko kodi ya wakulima maskini. Mwaka 1813 watu wa Kildonan wakatakiwa kuhama ili kuwapisha kondoo. Walipinga, wakawatimua waliokuja kukagua ardhi, na askari wakaletwa kuwatuliza.

Wakati huo Mskoti mwenzao, Bwana Selkirk, alikuwa na ardhi ya kugawa. Mwaka 1811 Kampuni ya Hudson's Bay ilikuwa imempa eneo kubwa kupita kiasi kando ya Mto Red, ulipo sasa mji wa Winnipeg nchini Kanada. Watu wapatao 700 waliomba kwenda. Waliochukuliwa hawakufika 100. Homa kali ikazuka melini na baadhi yao wakafa. Nahodha akawashusha Churchill, mbali na mahali walipotazamiwa, na huko wakapitisha kipupwe cha kutisha. Aprili 1814 vijana wapatao 50, wake kwa waume, wakaanza kutembea juu ya theluji kwenda York Factory, safari ya zaidi ya kilomita 200, mpiga zumari akiwa miongoni mwao. Kutoka hapo wakapanda mito kwa mashua mpaka Mto Red.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuja na majembe yao wenyewe, na kwa kukosa plau ndiyo waliyolimia miaka ya mwanzo. Lakini mwenyeji hasa alikuwa nani? Peguis, mkuu wa Wasaulteaux, aliwapokea kwa wema. Watu wake waliwaongoza hadi Pembina kuwinda nyati wasife kwa njaa. Wametisi, wazao wa wafanyabiashara wa ngozi na wanawake wa nchi hiyo, waliwaona kwa jicho jingine. Riziki yao ilikuwa pemikani, yaani nyama kavu ya nyati iliyotwangwa na kuchanganywa na mafuta. Januari 1814 gavana wa makazi alipopiga marufuku kuitoa nje, walijua nani atafuata kupoteza ardhi. Kampuni ya North West, mshindani wa Hudson's Bay, ikauchochea moto huo. Mwaka 1815 walowezi walitawanywa. Wapatao 140 wakaenda zao mashariki. Tarehe 19 Juni 1816, mahali paitwapo Seven Oaks, gavana Robert Semple na watu wake wapatao 20 waliuawa. Peguis ndiye aliyewasaidia walionusurika.

Julai 1817 Selkirk mwenyewe alifika, akafunga mkataba na Peguis na wakuu wengine. Walowezi wangetumia ardhi ya maili mbili kila upande wa mto. Malipo yalikuwa ratili 100 za tumbaku kila mwaka kwa Wasaulteaux na nyingine 100 kwa Wakrii. Pale waliposhika mizizi, Selkirk alipaita Kildonan. Kila familia ilipata kipande chembamba kinachoanzia ukingoni mwa mto. Nzige waliteketeza mazao, na mwaka 1826 mafuriko yakazoa nyumba, lakini waliobaki walijenga upya.

Peguis hakuona mambo kwa namna hiyo. Katika miaka ya 1850, akiwa mzee, alilalamika kwamba ardhi ile haikuuzwa kamwe. Alifariki mwaka 1864. Mwaka 1907 watu wake waliondolewa katika eneo walilotengewa la St. Peter's, wakapelekwa mbali kaskazini. Baadaye serikali ya Kanada ilikubali kwamba kuondolewa huko hakukuwa halali.

Familia za Kildonan zimekumbuka vizazi na vizazi jinsi babu zao walivyofukuzwa na kondoo. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Hata hivyo historia ya familia ina tabia ya kusimulia jeraha tulilopata na kunyamazia lile tulilosababisha. Mkulima wa Kildonan hakumchukia Peguis. Alitaka tu shamba ambalo hakuna mwenye cheo angeweza kumpokonya. Lakini shamba hilo lilikuwa limelalia ardhi ya mtu, na karatasi iliyompa uhakika ilimwondolea mwingine uhakika wake.

Aliyeonja uchungu wa kufukuzwa hawi kwa hilo mtu mwema zaidi. Anakuwa tu mtu mwenye haja ya mahali. Nasi tunaosimulia habari za mababu zetu, tukishawataja waliotunyang'anya, tuulize pia kabla yetu nani alilima pale.