Fred Matiang'i na Kufuli za Mitihani, 2015–2018

Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu katika Kaunti ya Nyamira, aliingia Wizara ya Elimu ya Kenya mwishoni mwa 2015. Hakuwa waziri wa kwanza wa Elimu kutoka eneo la Gusii, kwani Sam Ongeri wa Kisii alishika wadhifa huo kati ya 2008 na 2012. Matiang'i alikuwa amefundisha chuo kikuu kabla ya kuwa Waziri wa Habari mwaka 2013.

Alikuta sifa ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, imechafuka. Mwaka 2015 karatasi zilisambaa kwa simu kabla ya mtihani kufanywa, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ilivunjwa, na Profesa George Magoha akateuliwa kuongoza bodi mpya.

Walichokifanya wawili hao hakikuwa na siri wala utaalamu wa ajabu: waliziba mianya ya njiani. Karatasi zilihifadhiwa katika makontena yenye kufuli mbili, na kila ufunguo ulikuwa na mshikaji wake. Kila asubuhi mwalimu mkuu alifika mwenyewe kuchukua karatasi za shule yake akisindikizwa na polisi, na zikipotea au kufunguliwa mapema, aliulizwa yeye. Muhula wa tatu wazazi walikatazwa kutembelea wanafunzi, na siku za maombi shuleni zikafutwa, kwa kuwa ziara hizo nazo zilidaiwa kupitisha maswali.

Kabla ya mtihani wa 2016 kufanywa chini ya masharti hayo, shule zaidi ya 100 nchini zilikumbwa na moto. Gusii iliumia sana: mwezi Juni mabweni ya Shule ya Wavulana ya Itierio, Kisii, yaliteketea, na wazazi wakabaki wakitazama vitanda vya chuma vilivyopinda na masanduku yaliyogeuka majivu.

Matokeo yalitangazwa Desemba 29, 2016, mapema kuliko ilivyozoeleka. Alama za A zilishuka kutoka 2,685 hadi 141, na hakuna matokeo yaliyofutwa. Wapo waliodai kwamba alama hazikusawazishwa ipasavyo, na hoja yao ilistahili jibu, kwa sababu waliofungiwa mlango wa chuo kikuu walikuwa maelfu. Hata hivyo, anguko kubwa namna hiyo ni vigumu kulieleza bila kukubali kwamba nyingi za alama za awali zilinunuliwa. Aliyeibiwa zaidi miaka hiyo alikuwa mtoto wa shule ya kutwa kijijini, asiye na mtu wa kumtumia maswali.

Mei 2017 mtaala mpya wa umilisi ulianza kufanyiwa majaribio. Julai mwaka huohuo, Waziri wa Usalama Joseph Nkaissery alipofariki, Matiang'i alikabidhiwa wizara hiyo kwa muda huku akiendelea na Elimu. Mapema 2018 alihamia Usalama moja kwa moja, na Amina Mohamed akamrithi Elimu.